Sura ya Luhende

"Karibu. Picha au bango?"

Ndivyo Mwanamvita alivyokuwa akipokea wateja siku hizi, bila kugeuza shingo, macho kwenye kompyuta na mkono kwenye mausi. Zamani alikuwa akiinuka. Alikuwa akimpa mteja kiti, anamuuliza habari za nyumbani, kisha anamuuliza shughuli yenyewe ni ya nani na anapenda rangi zipi. Hayo yalikuwa mambo ya mwanzo, alipofungua fremu yake ya duka karibu na maegesho ya malori pale Tunduma, akiamini kuwa mji unaopitiwa na watu wengi kiasi kile hauwezi kukosa kazi ya sanaa. Kazi haikukosekana. Kilichokosekana ni hiyo sanaa.

Alikuwa mtu wa Pangani, aliyeletwa mpakani na ndoa. Mumewe, Abdulwahab, alikuwa wakala wa forodha, na yeye mwenyewe alikwishajifunza ubunifu wa picha Dar es Salaam kabla ya kuolewa. Miaka ile ya kwanza aliweza kusimama kando ya barabara asubuhi nzima akitazama maturubai ya malori ya Ndola na Lubumbashi, namna mafundi wa huko walivyochora herufi kwa mkono zikanenepa mahali pa kunenepa. Alitazama vitenge vya akina mama waliovuka mpaka kutoka Nakonde, upande wa Zambia. Alitazama hata magunia ya chumvi ya Ivuna, ule weupe wake wenye vumbi, akarudi dukani mbio kuutafuta weupe huohuo kwenye kompyuta. Akamtengenezea mtu wa saluni bango la rangi ile, zuri kweli. Mwenye saluni akaliangalia akasema, "Mbona kama limechafuka? Nifanyie kama la jirani yangu." Baada ya majibu kama hayo kurudiwa mwaka hadi mwaka, mtu huacha kusimama barabarani.

Kazi iliyompa ugali ilikuwa marehemu. Watu wakifiwa huleta kapicha kadogo, ka kitambulisho au ka kukatwa kwenye picha ya harusi ya mtu mwingine, wanataka kakuzwe kawe picha ya kutangulia mbele ya jeneza na baadaye kutundikwa sebuleni. Na marehemu haruhusiwi kutundikwa na fulana yake ya shambani. Lazima avae suti. Basi Mwanamvita alikuwa na kiwiliwili kimoja cha suti ya bluu na tai nyekundu, ambacho hata hakumbuki alikitoa wapi. Anakata kichwa, anakibandika shingoni, anaikoza shingo rangi ilingane na uso, nyuma anatia maua. Kwa hiyo nusu ya wanaume waliofariki kuanzia Tunduma hadi Mlowo walikuwa wamevaa suti moja, tai moja, na vifungo vilevile. Hakuna aliyewahi kulalamika. Maiti halalamiki, na wafiwa wana mengine ya kuwahangaisha.

Alikuwa pia na kanuni moja aliyofundishwa na ugomvi wa wateja. Usimpe mtu kazi moja. Mpangie sampuli kadhaa kwenye karatasi, aelekeze kidole chake mwenyewe. Aliyechagua mwenyewe harudi kukutukana. Kanuni hiyo ilimwokoa kwenye kadi za harusi, kwenye mabango ya vyama vya siasa, kwenye stika za bodaboda. Aliishika kama wengine wanavyoshika swala.

Sasa, mwaka 2011, katika miezi ile ambayo vumbi la Tunduma hupanda mpaka kwenye meno, mwanamke mmoja aliingia dukani akiwa na kijana wa kiume.

"Karibu. Picha au bango?"

"Picha, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ilete hiyo ndogo tuikuze."

"Haipo."

"Haipo kivipi? Umeisahau nyumbani?"

"Imeliwa na mchwa."

Hapo Mwanamvita aligeuza shingo.

Mwanamke aliitwa Nyanzobe. Alikuwa Msukuma wa huko bondeni Momba, maeneo ya Ivuna, na kijana aliyefuatana naye alikuwa shemeji yake, Sunday. Mumewe Nyanzobe, Luhende, aliingia bonde lile na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, akafa kwa homa mkewe akiwa na mimba ya mtoto wao wa kwanza. Maisha yake yote alipigwa picha mara moja tu, na mpiga picha wa kuzunguka minadani. Siku za kuandikisha watu na kuwapiga picha za vitambulisho, yeye alikuwa machungani. Ile picha moja ilikaa ukutani kwenye kioo, na masika yaliyopita mchwa walipanda wakaila kwa nyuma. Nyanzobe alipoishusha kuifuta, ndani alikuta udongo.

"Mtoto ameanza darasa la kwanza," alisema. "Wenzake wana baba. Anataka kujua wa kwake alikuwaje."

"Pole sana, mwanangu. Lakini mimi si mganga. Mtu asiye na picha nitamtoa wapi?"

"Kwangu." Nyanzobe aligusa paji la uso wake. "Bado ninaye. Nikifumba macho namwona kama ninavyokuona wewe. Ila ameanza kufifia, mama. Mwaka juzi nilikuwa namwona mpaka meno. Sasa meno siyaoni. Nataka umtoe kabla hajaisha."

Sunday akadakia, "Mimi na kaka tumefanana. Anza na mimi, halafu atakwambia pa kupunguza."

Mwanamvita alikuwa na bango la mkutano wa injili lililotakiwa jioni, na macho yalikuwa yakimuuma tangu alfajiri. Jibu la kuwafukuza lilikuwa mdomoni tayari. Badala yake alijikuta ameinuka, anavuta kiti, anamkaribisha Nyanzobe kukaa kando yake mbele ya kompyuta. Alijishangaa. Hakukumbuka mara ya mwisho kazi kumwinua kitini.

Alimsimamisha Sunday ukutani akampiga picha, akaiingiza kwenye ile programu yake ya picha, nakala ya kuchakachua aliyoletewa kutoka Mbeya. Kisha akaupasua uso. Macho akayaweka kwenye leya yake, pua leya yake, mdomo leya yake, kama mtu anayepanga karatasi za nailoni juu kwa juu, kila moja inahamishika bila kugusa nyingine. Vilivyopungua kwa Sunday alikuwa navyo tele. Kompyuta ile ilihifadhi nyuso za mji mzima, za miaka na miaka ya pasipoti na misiba. Pua aliijaribu ya dalali mmoja wa fedha, kidevu akaazima cha dereva wa Kitwe. Mungu amsamehe, hata kope za Abdulwahab ziliingia humo.

"Shavu punguza," Nyanzobe alikuwa akisema. "Si huko. Alikuwa amebonyea hapa."

"Hakubonyea, shemeji," alisema Sunday. "Hiyo ilikuwa ya kuumwa."

"Nani aliyekuwa akilala naye, mimi au wewe?"

Kazi yenyewe ilikwenda hivi: Mwanamvita anasogeza kitu, Nyanzobe anafumba macho kidogo tu, kama anayechungulia chumba cha ndani, kisha anafumbua na jibu. Pandisha. Kaza. Hapo. Hapana, rudisha. Umeme ukikatika yupiesi, kile kisanduku cha kutunza umeme, inalia, Mwanamvita anahifadhi haraka, wanangoja. Bango la injili likapewa mtu mwingine. Mteja kutoka Nakonde aliyekuja kumwita mama kwa Kibemba, "Bamayo, kadi zangu!", aliambiwa arudi kesho.

Siku ya pili mchana, Mwanamvita aliteremsha nyusi chembe tu, kisha akalikunja jicho la kushoto kwa nje, kama mtu aliyezoea kutazama mbali juani. Nyanzobe alijiziba mdomo.

"Huyo," alisema. "Ee Mungu wangu. Huyo hapo."

Machozi yakamtoka. Alinyoosha mkono akagusa kioo cha kompyuta, akasema maneno mawili matatu ya Kisukuma ambayo Mwanamvita hakuyajua, kwa sauti ya mke anayempokea mume mlangoni. Sunday, mbishi yule, aliinamisha kichwa.

Hapo palikuwa mahali pa kuacha. Hata mpika wali anajua kuna wakati wa kuepua, na ukiupitisha, huo si wali tena. Lakini Mwanamvita alikuwa na furaha, na furaha ya mtu aliyechoka muda mrefu haina breki. Alijiona amerudi kuwa yule wa kando ya barabara, mwenye macho. Halafu kulikuwa na ile kanuni.

"Usiharakishe, bibie," alisema. "Ngozi bado haijakaa vizuri, na naweza kumboresha zaidi. Nitakutengenezea kadhaa, ulinganishe, uchague kwa raha zako."

"Lakini ni huyu, mama."

"Leo ni huyu. Kesho utakuja kuniambia pua siyo. Nawajua wateja."

Nyanzobe hakujua mambo ya kompyuta, na mtu aliyekuzidi umri na ujuzi humbishii dukani kwake. Alikubali. Sunday akaondoka kuwahi mnada wa ng'ombe, Nyanzobe akabaki kwa jamaa zao kijiji cha Mpemba, jirani na mji, akawa anakuja kila asubuhi.

Mwanamvita alifanya kazi kama msichana. Alimtengeneza Luhende anayetabasamu kidogo na Luhende aliyefunga midomo. Alimpa mwanga wa asubuhi, akampa wa jioni. Kila alipogundua kitu kizuri kwa mmoja alikihamishia kwa wenzake, na majina ya mafaili yakawa "Luhende mwisho", "Luhende mwisho kabisa", "Luhende mwisho mpya". Abdulwahab alipouliza nyumbani mbona siku hizi anakula huku anaongea, alimjibu kwamba amepata kazi ya maana. Na Nyanzobe alikaa kando yake muda wote huo, akiulizwa hivi au hivi, akifumba macho na kufumbua. Mwanamvita hakuona kwamba kila siku macho yale yalikuwa yakikawia zaidi kufumbuka.

Hatimaye alichapa karatasi moja yenye nyuso zote, zimepangwa kwa mistari, safi, akamwekea Nyanzobe mapajani.

"Haya, chagua."

Nyanzobe alitazama. Kidole chake kilikwenda kwa mmoja, kikaondoka, kikaenda kwa mwingine. "Huyu ana jicho lake. Huyu hapa... huyu anakaza mdomo kama yeye akihesabu ndama. Huyu..." Akainua macho. "Mama, yule wa siku ile yuko wapi?"

"Yupo. Ni huyu." Mwanamvita aliinama. "Au huyu."

Alifungua faili moja, akafungua jingine. Yule wa siku ile alikuwa ameguswa kidogo, kidogo tu, ili afanane na wengine walioboreshwa. Akaanza kumrudisha. Akateremsha nyusi. Akalikunja jicho.

"Hapo?"

"Panda. Hapana, shuka."

"Hapa?"

Nyanzobe alifumba macho. Safari hii hakuyafumbua. Nje lori lilipiga honi, lingine likajibu, foleni ikasogea, na yeye bado ameyafumba, uso umekunjamana kama wa mtu anayesikiliza sauti ya mbali. Mwanamvita aliacha mausi.

"Hayupo," alisema Nyanzobe.

"Nani?"

"Nikifumba macho nawaona hawa. Wamejipanga hivihivi ulivyowapanga. Yeye simwoni."

"Umechoka tu," alisema Mwanamvita. "Ukipumzika atarudi."

"Atarudi kweli?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Kwa wateja alikuwa akisema ndiyo kutwa nzima. "Sijui, mwanangu," alisema. "Nimekukosea. Siku ile uliponiambia ni huyu, ningekusikiliza."

Nyanzobe hakumlaumu, na hilo lilimuuma Mwanamvita kuliko matusi yote aliyowahi kutukanwa pale dukani. Mwanamke yule alijifunga khanga yake vizuri, akafuta macho kwa ncha yake, akairudisha karatasi mezani.

"Lori lililoleta chumvi linarudi Ivuna mchana huu," alisema. "Mtoto nimemwahidi nitarudi na baba yake. Nichagulie wewe."

"Mimi? Nitachaguaje, Nyanzobe? Mimi sikumjua."

"Sasa tuko sawa," alisema Nyanzobe.

Mwanamvita aliivuta ile karatasi karibu, akaanza kuwatazama mmoja mmoja.