Upande wa Ukutani

Farasi wetu si wale warefu wa kwenye picha, wenye miguu ya mwanamitindo. Hawa ni wafupi na wanene, vifua kama mapipa, shingo nene ajabu, na singa zinazomwagika pande zote mbili mpaka mabegani. Miguuni wana manyoya marefu yanayofunika kwato, na humo ndimo matope, mbegu na wadudu hufanya makazi. Kuwasafisha kunataka mtu mwenye subira. Mimi subira sina, lakini baba alikuwa nayo ya watu wawili, na ndiye aliyenifundisha.

Asubuhi ile nilikuwa naogopa tangu nafunga kamba za viatu. Nilimwogopea baba. Siku hizo alikuwa anapotea huku amesimama palepale. Unazungumza naye, anakujibu vizuri, mara macho yanakwenda mbali, na akirudi harudi pale ulipomwachia. Alishawahi kupiga mswaki kwa mafuta ya kwato. Tulicheka sana, kisha nikaenda kulia chooni.

Kaka yangu alikuwa ameshasema, "Huyo mzee asiingie tena kwa farasi. Ipo siku utamtoa humo na machela." Nilimjibu vibaya. Nilimwambia ashughulike na mji wake. Lakini nilijua kwamba ukimnyima baba banda humwachii kitu. Nyumbani hukaa kitandani na viatu miguuni, akisubiri mtu wa kumpeleka kazini. Kwa hiyo nikajitia hamnazo. Mficha maradhi kilio humfichua, wanasema, na kila tulipofungua geti la banda nilikuwa nikiusikia msemo huo na kuutukana kimoyomoyo.

Siku hiyo tulikuwa na jike wa kijivu aliyeitwa Gunia. Upele ulikuwa umemwingia chini ya singa, naye amejikuna kwenye nguzo mpaka damu, nzi wamemjaa. Daktari wa mifugo alikata kauli: singa zote zinyolewe, kuanzia mabegani hadi utosini, shingo ibaki upara ili dawa ifike. Mwenye farasi, mama mmoja mwenye huruma nyingi na woga zaidi, alimwacha mlangoni akaenda kujifungia garini asije akaona. Wenzangu walikuwa wamewapeleka wale wengine malishoni. Wa kumshika Gunia hakuwepo.

"Nitamshika mimi," baba akasema.

"Pumzika tu, baba. Nitamfunga kwenye ile pete ya chuma ukutani."

"Umfunge huyu? Aking'oa pete atakuja nayo usoni kwako. Nipe kamba."

Alisema kweli. Gunia alikuwa na tabia yake: mlio wa mashine ya kunyolea haukumsumbua hata kidogo ukishaanza. Kilichomtia wazimu ni ule mlio unapoanza na unapokata. Hapo ndipo anaporuka, na akiruka yule, anaruka na uzito wa gari dogo. Nilimtazama baba machoni. Yalikuwa yametulia. Nikapiga moyo konde, nikampa kamba.

Katika kazi yetu kuna jambo moja ambalo baba alinifundisha kabla hata hajaniruhusu kushika brashi. Anayeshika farasi na anayemshughulikia husimama upande mmoja, siku zote. Ukivuta kichwa cha farasi kuja kwako, matako yake yanaenda upande wa pili. Mkiwa pamoja, akicharuka mnavuta kichwa, na mateke yanampata ambaye hayupo. Mkigawana pande, mmoja akijiokoa anamuua mwenzake. Chumba cha Gunia kilikuwa chembamba, upande mmoja wazi kuelekea mlangoni, upande wa pili ukuta wa matofali, na kati ya ubavu wake na ukuta ilibaki nafasi ya mtu kupita kwa ubavu. Tukasimama wote upande wa mlangoni.

"Shikamoo mkwe," baba akamwambia Gunia. Farasi jike wote aliwaita wakwe. Alisema mkwe humsogelei ovyo, humpigii kelele, wala humgeuzii mgongo. "Binti yangu anakuja na ile mashine yake ya kelele. Mstahi, hajui kitu."

"Baba!"

"Nadanganya? Haya, washa."

Nilichana singa kwanza kwa kitana, nikakata zile ndefu kwa mkasi mpaka zikabaki fupi kama za brashi. Kisha nikawasha mashine, niliyokuwa nimeificha nyuma ya mgongo. Gunia akatetemeka ngozi nzima. Baba akamnong'oneza, akamshusha kichwa taratibu ili shingo ijinyooshe, naye akatulia. Nikaanza mabegani kupanda juu. Singa zikawa zinaanguka mafungu mafungu, na chini yake ngozi ilikuwa nyekundu, imechubuka, inanuka. Nilimhurumia mno. Niliinamia kazi, nikiogopa kumkata, na kwa muda nikasahau kuogopa jambo lile jingine.

Nilipoinua macho, baba hakuwepo mbele yangu.

Kamba ilikuwa chini, imelala kwenye majani makavu. Nilitazama mlangoni, hakuna mtu. Ndipo nikasikia sauti yake upande wa pili wa shingo, akijisemea mwenyewe kama afanyavyo mtu aliyezama kazini. Alikuwa ameingia ule upande wa ukutani. Alishika kitana mkononi, anachana singa ambazo hazikuwepo tena, mgongo wake umegusa matofali.

"Baba," nikamwita polepole. "Njoo huku."

"Niko kazini."

"Njoo kidogo tu, baba. Nakuomba."

"Subiri nimalize. Usinipigie kelele, utamshtua mkwe."

Alisema kwa utulivu kabisa. Alikuwa ni yule fundi wa zamani, na kichwani mwake fundi aliyekuwa ananyoa ni yeye. Mimi, sijui alinidhani nani.

Mashine ilikuwa inanguruma mkononi mwangu. Kuizima sikuthubutu. Kupiga kelele sikuthubutu. Ningeweza kuokota kamba, lakini kwa ajili gani? Ningevuta kichwa kuja upande wangu, lile tako zima lingegeuka ukutani na kumsaga baba pale alipo, mbele ya macho yangu, kwa mkono wangu. Sijawahi kuogopa vile.

Nilijua la kufanya na sikulitaka. Kama baba hawezi kuja upande wangu, niende mimi upande wake. Liwalo na liwe. Nikaokota kamba, nikainama chini ya shingo ya Gunia, mashine nimeinyanyua inanguruma hivyo hivyo, nikatokea kule ukutani. Nafasi ilikuwa ndogo kiasi kwamba ubavu wa farasi ulikuwa unanisukuma kila alipovuta pumzi. Baba akawa nyuma ya bega langu.

"Wewe nawe unajibana humu kufanya nini?" akaniuliza kwa hasira.

Kabla sijajibu, betri ikaisha. Mlio ukakata.

Gunia akaruka. Niliona weupe wa jicho lake, nikaona bega lake linakuja kutufuata, na nikaiachia mashine ianguke. Nilishika kamba kwa mikono miwili chini kabisa ya taya, nikavuta kichwa kuja kwetu, ukutani, kwa nguvu zote na kwa kupiga yowe ambalo sikulijua kuwa ni langu. Kikapinda. Tako likazunguka kwenda upande wa mlangoni, miguu ya nyuma ikapaa, mlango ukapigwa teke lililovunja mbao mbili. Teke la pili likaikuta hewa. Kisha akasimama, anahema, povu mdomoni, kichwa chake kizito kimelalia kifua changu. Tulikuwa hai. Nilimpapasa baba nyuma yangu kwa mkono mmoja: kifua, bega, uso. Alikuwa mzima.

Nilimtoa farasi nje kwanza, nikamfunga uani. Niliporudi, baba alikuwa amesimama katikati ya chumba, anatazama zile mbao. Macho yake yalikuwa makali, macho ya fundi. Nilifikiri amerudi.

"Nani alikuwa ameshika kamba?" akaniuliza.

Nikainama kuokota mashine.

"Nilikuwa humu, nimeona kwa macho yangu. Kamba ilikuwa chini. Mtu ameachia kamba ya farasi, mwenzake yuko ndani ananyoa! Ni nani huyo?"

"Ni mzee mmoja, baba. Alinisaidia tu."

"Basi huyo asiingie tena humu." Alisema pasipo ukali wowote, kama mtu aliyewahi kutoa uamuzi huo mara nyingi na haujawahi kumfurahisha. "Sisemi ni mtu mbaya. Lakini atamuua mtu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Ana watoto?"

"Anao. Wawili."

"Waambie wao. Mtu mzima hasemwi mbele za watu akavunjiwa heshima. Wamkalishe nyumbani, wamwambie wenyewe, polepole." Alinitazama, akaona kitu usoni mwangu, akalainisha sauti. "Najua ni vigumu. Usipoweza, nitawaambia mimi."

Nikamwambia nitaweza. Nikamshika mkono, tukatoka nje, na kila hatua niliyopiga kuelekea getini niliogopa kuliko nilivyoogopa ukutani.