Kungoja Sauti ya Pili

Utakuja kumwimbia au hutakuja? Nimemuuliza hivyo hivyo, hata shikamoo yangu haijapoa, na yeye ameinama juu ya cherehani kana kwamba swali lilikuwa la duka la jirani, mguu unakanyaga, sindano inapanda inashuka, na mimi nimekaa kwenye stuli ya wateja, mkoba magotini, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu, mimi ninayefundisha chuo kikuu, ninayelipwa kwa kuzungumza... "Baba mdogo," nasema, maana ndivyo nilivyomwita tangu nijue kuita, "baba amebakiwa na siku chache, daktari mwenyewe ameacha kututajia dawa," naye anakata uzi kwa meno, anasema, "Nimesikia, binti," basi, amesikia, kama mtu aliyeambiwa umeme utakatika, na mteja aliyesimama mlangoni anadakia, "Hata mimi aliniambia amesikia, na blauzi yangu mpaka leo haina mikono," anacheka, siku nyingine ningecheka naye, leo natamani aondoke na mabega yake wazi hivyo hivyo... kwa sababu baba hali chakula, huyu mama hajui, baba hajui tena hata jina langu, ananiita nesi, lakini wimbo anaujua, kila akizinduka anauanza ule wa mtu anayebisha hodi kwa nduguye mvua inanyesha, mstari mmoja, sauti ya kwanza ndiyo inayouliza, halafu ananyamaza, mdomo wazi, shingo kaigeuza kushoto, kwani kushoto ndiko alikosimama mwenzake, na mwenzake ndiye wa kujibu, na hakuna anayejibu, na anangoja, Mungu wangu, namna anavyongoja, uji unapoa, kijiko changu kiko hewani, hawezi kula na wimbo uko nusu, nimejaribu kujibu mimi, na sauti yangu hii ya mihadhara, akanitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba, kisha akaanza upya... Saa na Sindano, ndivyo walivyojiita, baba akitengeneza saa upande huu wa baraza, fundi huyu akishona upande ule, gitaa moja limetundikwa ukutani katikati yao kama mtoto wa wote wawili, wateja wakipungua mmoja analishusha, na leo nani anawakumbuka, juzi tu nilikaa kwenye kongamano la urithi wa muziki, maji ya chupa, vitambulisho shingoni, profesa mwenzangu akataja bendi zenye tarumbeta na sare, akasema "muziki wa watu" mpaka masikio yakaniwasha, na watu wenyewe hakumtaja hata mmoja, nani atamwambia habari za wale dada wawili waliokuwa wakifua mashuka ya hospitali, mmoja akipiga beseni kwa viganja, mwingine akivuta sauti nyembamba mpaka wagonjwa wanaotembea wanajikokota madirishani, au yule muuza mkaa na mkewe walionuniana miaka, nyumbani chumvi wanaombana kupitia kwa mtoto, lakini bwana akishika zeze wanaulizana na kujibizana kwa mapenzi ambayo ukiyasikia unaona haya kuwapo, wimbo ukiisha, kimya, kila mmoja na gunia lake... wawili wawili, kila mtaa ulikuwa na wawili wake, na hakuna aliyehangaika nao, wawili si bendi, wawili ni kelele za jirani, na mimi nilikuwa nikilala mchana chini ya meza ya kukatia nguo, juu ya mabaki ya vitambaa, saa za baba zinagonga ovyo, kila moja na wakati wake, na juu ya vurugu hiyo wao wawili wako pamoja kabisa, pumzi kwa pumzi, sijawahi tena kujisikia salama namna ile, wala kwa mume, wala kwa mshahara... "Baba mdogo, si umsamehe tu," nasema, na kwa mara ya kwanza anainua macho, "Nimsamehe nini?" anauliza, eti nini, kama vile hajui, "Ya redio," nasema, "si ndiyo iliyowatenganisha," na nyumbani kwetu ya redio haitajwi ila kwa kunong'ona, walivyoitwa studio siku moja, maikrofoni moja, wakaimba mara moja tu, fundi mitambo akatoka kwenye chumba chake cha kioo akasema hapana, sauti ya kwanza inaifunika ya pili, haifai, wafuatao waingie, na baba akarudi, akampa mtu gitaa, akahamisha meza yake ya saa mtaa mwingine, hakuimba tena, si harusini, si bafuni, na sisi watoto tukipaza sauti kidogo anasema taratibu, sisi tuna sauti za kufunika watu, na ndiyo maana hadi leo wanafunzi wa viti vya nyuma wanalalamika hawanisikii... "Alikosea, sawa, aliimba kwa nguvu mno, basi, lakini anakufa, baba mdogo, anakufa mdomo wazi anakungoja wewe, kinyongo gani hicho cha kumsindikiza mtu kaburini?" na hiyo ni sauti yangu, kubwa, sikujua ninayo, barabarani mtu amegeuka, na mteja wa blauzi hacheki tena, anasema polepole, "Nenda bwana fundi, mikono yangu itangoja," namtazama fundi, kitambaa kimeshakwisha chini ya sindano na bado anakanyaga, anashona hewa, na ule uso, nimekosea kuusoma, kinyongo nakijua, nimefanya kazi na maprofesa, huu si uso wa mtu aliyekosewa, huu ni uso wa mtu anayeogopa... sijui kama nataka kusikia, nashika mkoba, siinuki, mguu wake unaendelea, na anasema, akiiambia cherehani, si mimi, "Baba yako hakunifunika. Walituchorea alama za chaki sakafuni, ya kwake mbele, ya kwangu nyuma kidogo. Nikachukia. Kila siku mimi nyuma. Tulipoanza kuimba nikawa narudi, taratibu, taratibu, mpaka mgongo ukagusa ukuta. Nilitaka asikike yeye tu, waseme anafunika, watubadilishe, nisimame mbele japo mara moja. Hawakutubadilisha, binti, walitutoa nje. Akaniomba radhi njia nzima. Njia nzima, analia, ananiomba radhi. Na mimi nikamwambia nimemsamehe."