Prosesa Kumi na Sita za Mkuu wa Chuo

Mashada ya maua yaliyoletwa mlangoni pa Kituo cha Kompyuta cha chuo muhula uliopita yalikuwa ya msiba, kumi na moja, marefu kuliko mtu, kila moja na utepe wake mweusi. "Lala salama, seva yetu." "Umetutoka saa nne na sekunde tatu." Wanafunzi walichanga wakayaagiza baada ya mfumo wa kuandikisha masomo kuanguka. Picha ikatoka gazetini, na mama yake Tak Mi-ran, huko Jecheon, alipoona mashada na jina la kituo anachofanyia kazi binti yake, akaangua kilio. Mi-ran alipompigia simu, mama alimuuliza mara mbili kama kweli ni yeye anayesema.

Mi-ran alikuwa fundi wa seva, tena wa mkataba, na mkataba wenyewe ulibakiza wiki tatu. Wa kumpa ajira ya kudumu alikuwa Katibu Ma Gil-ho, mshika muhuri wa ofisi ya Mkuu wa Chuo. Naye alishatamka mbele za watu: "Mfumo ukivuka salama safari hii, nakugongea muhuri. Ukianguka, Fundi Tak, tusijuane."

Chuo kilikuwa na kompyuta moja kubwa ya chuma, na ndani yake mashine pepe tisa zilizoishi kama wapangaji wa nyumba moja, kila mmoja akidhani nyumba ni yake peke yake. Kila mpangaji alipewa prosesa zake, yaani vichwa vya kumfanyia kazi. Uzuri ni kwamba unaweza kumwongezea vichwa au kumpunguzia huku shughuli zake zinaendelea, bila kumzima. Ubaya Mi-ran aliujua siku ile ya mashada. Watu walipofurika aliongeza prosesa nane, zikaingia vizuri, zikakaa kimya. Kumbe mashine ile ikipokea prosesa mpya haizigusi mpaka uiamuru, moja baada ya moja. Zote nane zilikaa sebuleni kama wageni wasioambiwa karibu, wakati wenyeji wanazama. Aibu hiyo ilimla mwezi mzima.

Safari hii hakutaka mchezo. Mashine ya kuandikisha ilikuwa na prosesa kumi na mbili, akaiongezea nne za akiba tangu asubuhi, na kila moja akaiamuru ianze kazi. Hata hivyo hesabu yake ilidai ishirini na nane.

"Maji yamezidi unga," alisema Pyo Deok-su, mwenzake mwenye miaka hamsini na sita, huku anatafuna kipande cha gimbap, wali uliovingirishwa kwa mwani, juu ya kibodi. "Kamwombe tajiri."

"Tajiri yupi?"

"Mkuu wa Chuo, dada Tak. Mashine yake ina prosesa kumi na sita. Kazi yake nini? Kuonyesha picha ya mzee akitabasamu na salamu za majira ya kuchipua."

Ni kweli. Zilikuwa kumi na sita kwa sababu Kitivo cha Uhandisi kilikuwa na kumi na mbili, na haingefaa Mkuu azidiwe na vijana wa nyaya. Saa tatu na nusu Mi-ran akainua simu.

"Bwana Katibu, naomba kuazima prosesa kumi na mbili za Mkuu. Nusu saa tu. Mashine haizimwi, picha yake haitatikisika hata kidogo."

"Azima kwingine."

"Za wengine zina kazi, Bwana Katibu."

"Na hizi zina heshima!" Sauti ya Katibu Ma ilipanda ghafla kuliko jambo lenyewe lilivyostahili. "Usiguse mashine ile, Fundi Tak. Leo hasa usiiguse. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Leo hasa?" Pyo aliuliza simu ilipokatwa. "Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini huyu leo ana lake jambo."

Saa nne kasoro dakika moja, wanafunzi elfu tisa walikuwa tayari. Nusu yao walijazana kwenye kumbi za michezo ya kompyuta za Cheongju, mji wa chuo, ambako mtandao una kasi, jicho kwenye saa, kidole juu ya kipanya. Saa nne kamili wakabonyeza wote. Mstari wa kijani kwenye skrini ya Mi-ran ukapanda mpaka juu, ukagota hapo, ukawa mwekundu. Hakuna aliyefika kwenye somo lolote, viti vyote vilikuwa bado vitupu. Sekunde kumi. Ishirini.

"Nazichukua," alisema.

"Kakukataza!"

"Mfumo ukianguka sina kazi. Nikizichukua pia sina kazi. Bora nifukuzwe watoto wa watu wamepata masomo yao."

Akaiamuru mashine ya Mkuu iachie prosesa kumi na mbili. Nane zikatoka kwa adabu, moja moja, na picha ya mzee ikaendelea kutabasamu. Nne za mwisho zikagoma. Mashine ikajibu kwamba haiwezi kuziachia, zimeshikwa na kazi.

"Kazi gani? Kutabasamu?" Pyo akavuta kiti, kinywa kimejaa wali.

Mi-ran akachungulia ndani ya mashine ile. Akakuta programu moja imejifungia kwenye prosesa hizo nne, inaitwa "salamu_za_mkuu", na licha ya jina hilo haikuwa na salamu yoyote. Ilikuwa inagonga mlango wa mfumo wa kuandikisha mara mia tatu kwa sekunde, kutoka chumba cha jirani, ndani ya nyumba ileile. Wanafunzi elfu tisa walikuwa nje wanasukumana, na aliyeziba mlango alikuwa mwenzao wa ndani. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na wala hawakuwa mafundi wa seva.

Akapiga simu tena. Safari hii hasira zilimtangulia.

"Bwana Katibu, kuna programu kwenye mashine ya Mkuu inaubonyeza mfumo wangu badala ya mtu. Kanuni za chuo zinakataza. Ni ya nani?"

Mi-ran alisikia mlango ukifungwa upande wa pili wa simu.

"Haina mwenyewe," Katibu Ma alisema hatimaye.

"Haina mwenyewe kabisa?"

"Kabisa. Imejitokeza tu, labda."

"Basi kama haina mwenyewe, naiua."

"Subiri!" Ile sauti kubwa ya ofisi ilipotea, ikabaki ya baba mmoja tu, imekonda. "Dakika mbili, Fundi Tak. Ni kwa ajili ya mwanangu, nakusihi, dakika moja!"

"Watoto wa watu huko nje ni elfu tisa, Bwana Katibu."

Akaiua. Prosesa nne zikatoka mara moja. Akazipeleka zote kumi na mbili kwenye mashine ya kuandikisha, akaanza kuziamuru kwa sauti kabisa, Pyo akimhesabia. "Karibu, ya kumi na saba. Karibu, ya kumi na nane. Kaa kazini." Ilipofika ya ishirini na tano mstari mwekundu ukalegea. Ilipofika ya ishirini na nane ukarudi kijani, na masomo yakaanza kujaa kama ndoo chini ya bomba. Pyo alipiga meza, gimbap zikaruka. Mi-ran aliinamisha kichwa kati ya mikono, akalia kidogo, maana alijua ameuokoa mfumo na amejichimbia kaburi lake mwenyewe.

Saa nne na dakika tisa Katibu Ma aliingia anahema, tai imepinda begani. Pyo akajitia anatafuta kitu chini ya meza.

"Somo la Ndoa na Familia," Katibu alisema. "Limejaa?"

"Limejaa, Bwana Katibu. Viti arobaini, sekunde tatu tangu mstari urudi kijani."

Akaketi bila kukaribishwa. "Unalijua somo lile? Mwalimu anawapanga wanafunzi wawili wawili, mvulana na msichana, wakanywe kahawa, wakatembee, kisha waandike ripoti. Kwa alama! Mwanangu Jun-hyeon ana miaka thelathini, anasomea hapa uzamivu wa sayansi ya udongo. Hajawahi kunywa kahawa na msichana. Mama yake anasema tutakufa bila mjukuu. Nikachukua namba yake ya siri, nikamtengenezea programu... Hajui lolote. Angejua angehama nyumba."

Hasira zilikuwa zimemwishia Mi-ran, na alichosikia sasa kilikuwa huruma, akachukia kuisikia. Akafungua kumbukumbu za mfumo, akasoma, akarudia kusoma.

"Bwana Katibu, mfumo huu haumruhusu mtu kuingia mara mbili. Akiingia wa pili, wa kwanza anatupwa nje. Unalijua hilo?"

"Sasa?"

"Jina la Jun-hyeon liliingia saa nne kamili kutoka ukumbi wa michezo karibu na stendi. Programu yako ikamtupa nje. Akaingia tena. Ikamtupa. Mara mia moja na sabini na mbili umemtupa mwanao nje, naye anarudi tu. Nilipoiua, akaingia." Akageuza skrini. "Ndoa na Familia. Kiti cha thelathini na nane."

Katibu Ma alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. "Nani amembonyezea?"

"Mwenyewe."

"Alilitaka? Yeye mwenyewe alilitaka?"

"Mara mia moja na sabini na tatu, Bwana Katibu."

Macho yalimlowa Katibu, akayafuta kwa ncha ya ile tai iliyopinda. Kisha akatoa kutoka mfuko wa ndani wa koti karatasi ya ajira ya kudumu ya Mi-ran, iliyokunjwa mara nne, pamoja na kimuhuri chake, akakipulizia pumzi ili wino ushike, akagonga. Hakuangalia upande wake, muhuri ukatoka kichwa chini miguu juu. Walitazamana juu ya karatasi ile.

"Tugonge upya?" Mi-ran aliuliza polepole.

"Acha hivyo hivyo," alisema Katibu Ma. "Nikianza tena kurekebisha nitaharibu."