Pointi za Mwanaisha

Saa kumi alasiri, Jumanne, Iddi Chilumba alikuwa amepindua baiskeli ya muuza samaki kwenye karakana yake ya Chuno, Mtwara, anakaza spoki za gurudumu la nyuma, simu ikalia ndani ya mfuko wa shati. Alijifuta grisi kwenye kipisi cha kanga ya zamani, akasoma herufi moja moja, kwa sababu shule aliishia darasa la nne.

"Ndugu Mwanaisha, umesafiri kilomita 560 na Tausi ya Kusi. Sasa una pointi 27,440. Asante kwa kutuamini."

Mwanaisha alikuwa mkewe. Alikuwa amezikwa Mtawanya miezi miwili iliyopita, na arobaini yake ilishasomwa. Laini ya simu ilikuwa yake, kadi ya pointi ya basi ilikuwa yake, na Iddi hakuwa amefunga kimoja wala kingine.

Alimwonyesha Manuel, seremala wa jirani, ambaye babu zake walivuka Ruvuma na ambaye kwa utani wao alikuwa na haki ya kusema lolote, hata msibani.

"Mkeo anatembea," alisema Manuel. "Wewe ulimwoa ukadhani atatulia?"

"Ni kosa la kampuni."

"Basi nyamaza, mtani. Kosa la wakubwa likimwangukia mtu kama wewe, linaitwa bahati."

Iddi akanyamaza, maana alikuwa na sababu. Kwa miaka miwili Mwanaisha alikwenda Dar es Salaam kuchomwa mionzi na kuonwa na daktari, safari ishirini na nne, kwenda na kurudi, kila kilomita pointi moja. Alipokufa alikuwa na pointi 26,880. Ukutani, ofisini kwa Tausi ya Kusi, kulikuwa na bango: mwenye pointi elfu thelathini anapewa Safari ya Ndoto. Popote nchini, basi na ndege, siku tatu hotelini, kifungua kinywa juu yao. Mtu mmoja tu.

Kilomita za msindikizaji hazikuhesabiwa. Iddi alikuwa amekaa kiti cha kumi na tano safari zote ishirini na nne, na kwa kampuni ilikuwa kama hajawahi kutoka nyumbani.

Ndoto yake aliipima kwa spoki. Alikuwa na kalenda yenye ramani ya Tanzania. Aliweka ncha moja ya spoki juu ya Mtwara, akaizungusha taratibu, akatafuta mji ulio mbali kuliko yote. Ncha ya pili ikagota Bukoba. Akauliza, akaambiwa huko kuna ziwa ambalo huoni ng'ambo yake, na maji yake hayana chumvi. Mtu anainama tu, anakunywa. Iddi amezaliwa kando ya maji asiyoweza kuyanywa, katika mtaa ambao bomba hutoa upepo Jumatatu hadi Ijumaa. Akaamua kwamba kabla hajafa atakaa kwenye kiti mbele ya ziwa hilo, peke yake, asimsindikize mtu, na chai aletewe.

Kwa hiyo alinunua kofia. Begi akaliazima. Kwenye karatasi akaandika: dawa ya meno, shati jeupe, kikombe changu mwenyewe.

Wiki iliyofuata alikwenda makaburini kung'oa magugu. Udongo wa kaburi la Mwanaisha ulikuwa umebonyea upande mmoja, kama godoro la mtu aliyedamka mapema. Iddi aliusawazisha kwa kiganja. Jumanne iliyofuata, saa kumi na moja na nusu alfajiri, alikuwa stendi, aone nani anasafiria kadi ya mkewe.

Mwanaisha alikuwa kiti cha kumi na nne, dirishani, amejifunga kanga mbili na kupakata ile bahasha kubwa ya kahawia yenye picha za eksirei. Mchanga mwekundu ulikuwa kwenye kisigino cha kandambili.

"Mama Hawa," Iddi alimwita kutoka chini. "Unakwenda wapi?"

"Kliniki. Kesho tarehe yangu."

"Umekufa, mke wangu."

"Mimi najua. Wao kawaambia nani?"

Fahad, kondakta, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, alikuwa akipakia magunia ya korosho. Iddi alimweleza kwamba abiria wa namba kumi na nne ni marehemu.

"Tiketi anayo," alisema Fahad. "Na hanisumbui, hatapiki, haombi basi lisimame. Wengine wawe kama yeye. Mzee, unapanda au unaaga?"

Kiti cha kumi na tano kilikuwa wazi. Iddi akapanda. Baada ya daraja la Rufiji, Mwanaisha akasema kiuno kinamuuma.

"Hata kaburi sijalizoea," alisema. "Nalala siku kumi, tarehe imefika. Nimechoka, Baba Hawa."

"Usiende."

"Nisipokwenda nitakuwa nimewadharau. Si unakumbuka? Nilichelewa mara moja tu, nikarudishwa mwisho wa foleni miezi mitatu. Hiyo miezi mitatu ndiyo iliyoniua."

Iddi alikumbuka. Alikumbuka pia mashine. Mashine ya mionzi ya kusini ililetwa miaka minne iliyopita ikiwa kwenye masanduku matatu ya mbao, ikawekwa kwenye jengo lenye bati la bluu, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Mtawanya. Imeshazinduliwa mara tatu. Kila uzinduzi ulikuwa na utepe, mkasi, ngoma na mheshimiwa aliyetua kwa ndege asubuhi, akaruka jioni. Masanduku hayakufunguliwa hata mara moja. Mara ya tatu Mwanaisha alipangwa mstari wa mbele pamoja na wagonjwa wengine ili wapige makofi, na alipiga, kwa sababu alilelewa vizuri.

Jumatano, kliniki huko Dar es Salaam ilikuwa imejaa kama siku zote. Mabenchi mawili ya nyuma yalikuwa ya marehemu. Iddi alimtambua mama mmoja wa Newala na mzee mmoja wa Masasi aliyewahi kuwagawia karanga. Walikaa, bahasha magotini, na akija mgonjwa mwenye homa waliinuka wakampisha.

Muuguzi Rebeka alikuwa dirishani. Macho yake yalikuwa ya mtu ambaye hajala tangu asubuhi.

"Dada," Iddi alisema, "huyu alishafariki. Fungeni faili lake apumzike."

Rebeka alimtazama Mwanaisha, akaandika kitu. "Wa kusini wengi mwaka huu," alisema. "Faili linafungwa kwa muhuri wa mkuu."

"Mkuu yuko wapi?"

"Ziarani nje ya nchi. Wanajifunza kupunguza foleni."

"Anarudi lini?"

"Akirudi huyu, anakwenda mwingine. Wanapokezana, baba yangu."

"Kule kwetu kuna mashine kwenye masanduku. Ingefunguliwa, huyu angetembea kwa miguu akatibiwa, akarudi kupika. Angekuwa hai."

"Masanduku si ya dirisha langu," alisema Rebeka, bila ukali. Akagonga tarehe mpya kwenye kadi: wiki mbili zijazo. Mwanaisha akashukuru.

Iddi hakushukuru. Alitoka nje, akasimama karibu na magari meupe ya wakubwa, akayahesabu mpaka kumi na moja, kisha akatema mate chini. Mlinzi akamwambia haruhusiwi kutema mate pale. Akatema tena.

Safari ya tatu Mwanaisha alikwenda peke yake, kwa sababu Iddi alikuwa na baiskeli saba za watu. Alhamisi jioni, basi liliporudi, ujumbe ukaingia: "Hongera Ndugu Mwanaisha! Una pointi 30,240. Umejishindia Safari ya Ndoto. Fika ofisini kwetu Chuno."

Usiku huo kofia ilikuwa juu ya begi na begi lilikuwa mlangoni. Manuel alikuja na kigoda alichokitengeneza mwenyewe, kidogo, cha kukunja.

"Cha kukalia ziwani," alisema. "Viti vya hoteli usiviamini, vimekaliwa na wakubwa."

Asubuhi Iddi alivaa shati jeupe. Ofisi ya Tausi ya Kusi ilikuwa na feni moja na binti anayeitwa Pendo, mpole, kucha zimepakwa rangi ya zambarau. Alichukua kadi, akabonyeza bonyeza.

"Unakwenda wapi, mzee wangu?"

"Bukoba. Chumba kinachotazama ziwa."

"Kipo. Siku gani?"

Iddi aliikumbuka kalenda yake ya nyumbani. Jumanne ya wiki ya pili kutoka hapo ilikuwa na duara la kalamu nyekundu. Ndiyo ile ya safari ya kliniki.

"Jumanne, si hii ijayo, ile ya pili."

"Tiketi ni ya mtu mmoja. Niandike jina la nani?"

Iddi alikuwa amelifanyia mazoezi jina lake wiki nzima, na herufi kubwa zake.

"Andika Mwanaisha Bakari."

"Ndiye mwenye kadi. Yuko hai?"

"Anasafiri."

"Fomu haiulizi zaidi ya hapo," alisema Pendo, akachapa.

Jumanne hiyo alfajiri Mwanaisha alikuwa kiti cha kumi na nne na bahasha yake. Iddi alipanda, akaichukua bahasha magotini mwake, akaweka mahali pake tiketi, kofia, kikombe na kigoda cha Manuel.

"Ukifika Dar usipande daladala ya hospitali. Panda ya uwanja wa ndege."

"Na tarehe yangu?"

"Ikose."

"Wataniandika mtoro."

"Ndiyo. Wakuandike. Mtoro hawamwiti tena."

Mwanaisha alisoma tiketi kwa muda mrefu. Yeye alifika darasa la saba.

"Hii ilikuwa ndoto yako," alisema. "Mimi hata Bukoba siijui. Na wewe je?"

"Mimi nitabaki niwachukie. Kazi hiyo inataka mtu awepo."

"Usiniharibie sufuria zangu," alisema Mwanaisha, akaivaa kofia juu ya kanga. Fahad akapiga ubavu wa basi kwa kiganja, likaondoka.

Alhamisi ujumbe ukaja, safari hii wa hospitali. "Ndugu Mwanaisha, hukuhudhuria kliniki. Umeandikwa MTORO. Nafasi yako imepewa mgonjwa mwingine." Iddi aliusoma wote, mara mbili, akamsomea Manuel.

Mwanaisha hakuonekana tena kwenye basi. Wiki ya tatu kaburi lilikuwa limesawazika lenyewe. Wiki ya nne Fahad aliteremsha kifurushi kilichofungwa kwa kipande cha kanga ya Mwanaisha: chupa ya lita moja, maji yenye ukungu kidogo. Iddi alionja akiwa amesimama katikati ya baiskeli. Hayakuwa na chumvi. Akayachemshia chai, akainywa yote. Hasira haikupoa, wala hakuwa amekusudia ipoe.

Mwezi huohuo masanduku yalizinduliwa kwa mara ya nne. Yalipakwa rangi mpya kwanza. Wagonjwa walipangwa mstari wa mbele, mheshimiwa akakata utepe, akasema wana wa kusini wawe na subira, akawahi ndege ya jioni.

Jumanne iliyofuata Iddi alikwenda stendi, bila kujua anafuata nini. Kwenye kiti cha kumi na nne alikaa Graca, mke wa Valdemar, mkulima wa mpunga wa Mahurunga. Iddi alikuwa amehudhuria maziko ya Graca siku tisa zilizopita. Alipakata bahasha ya kahawia, mpya, bado haijakunjika pembe.

Iddi alimwamkia, akamuuliza ana pointi ngapi.

"Ndiyo kwanza naanza, shemeji," alisema Graca.