Mnyama wa Pembe za Matawi

Hebu niambie ukweli: umewahi kuona pembe inayotoa matawi? Pembe ya ng'ombe unaijua, ya mbuzi unaijua, ya swala nayo unaijua. Zote huchomoza kichwani, zikajipinda zinavyopenda, zikaishia kwenye ncha moja. Watu wa kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Buhongwa nao walijua hivyo hivyo, mpaka mwaka wa sabini na tano, Kashindye alipofungua fundo la kanga yake na kutoa karatasi.

Karatasi yenyewe ilikuwa pana kama sinia, imelainika kwenye mikunjo. Aliipata Sengerema, ng'ambo ya maji, zamani alipokuwa msichana akiwafulia masista. Mchwa walikuwa wamekula kitabu kimoja kikubwa cha kale, Sista Bernadeta akaokoa ukurasa mmoja, akampa. Ulikuwa na wanyama kumi na wawili, safu tatu, kila mmoja amesimama juu ya kipande chake cha majani kisichozidi leso, wote wametazama upande mmoja kana kwamba kuna mtu kawaita. Sista alimweleza kwamba hao ni jamaa ya kulungu wa nchi za baridi, na kitabu hicho kilikuwa na umri kupita bibi yake yeye sista. Enzi hizo, alisema, picha ilipigwa chapa kwa wino mweusi tu. Kisha wanawake na watoto walikaa kwenye meza ndefu na brashi zao, huyu anapaka kahawia, yule anapaka majani, karatasi ikipita mkono kwa mkono. Ndiyo maana majani ya mnyama namba tano yalikuwa yamempanda hadi magotini. Na wengine mchoraji hakuwahi kuwaona wakiwa hai. Aliletewa ngozi, sura akaitunga mwenyewe. Namba nne alimpa uso wa mtu, mzee mwenye kinyongo aliyenyimwa ugoro.

Lakini kipenzi cha Kashindye kilikuwa namba saba. Mwekundu wa kahawia, kifua mbele, mguu mmoja wa mbele kauinua, na pembe zimetawanyika juu ya kichwa kama mpera. Chini yake, kwenye majani, zilichorwa pembe nyingine mbili zimelala. Sista alisema wanyama hao huangusha pembe kila mwaka na kuota mpya. Kashindye hakulisahau neno hilo.

Sasa, mume wake Maige alikuwa manju wa Wagika, yaani ndiye aliyetunga nyimbo na kuongoza ngoma. Kila mwaka baada ya mavuno, Wagika na Wagalu, makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, hushindana. Hucheza saa ile ile, uwanja ule ule, duara mbili zikitazamana, na watu huruhusiwa kukimbilia wanakotaka. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Miaka mitatu mfululizo Wagalu, chini ya manju wao Chenge, walikuwa wamewabakiza Wagika wakicheza mbele ya mbuzi na vikongwe wasioweza kukimbia. Mara hii serikali ya kijiji ilikuwa imetoa fahali mzima kwa mshindi wa Sabasaba, na Maige alishasema kwamba wakishindwa tena, ngoma anaiacha.

"Tufanye huyu," alisema Kashindye akimwonyesha namba saba.

Maige aliitazama karatasi, akaigeuza, akaitazama tena. "Huyu ni ng'ombe au mti?"

"Ni mnyama."

"Basi Chenge atakufa kwa wivu. Mtengeneze, mke wangu."

Wiki mbili Kashindye na jirani yake Odeta walifunga fito, wakavika magunia, wakapaka udongo mwekundu uliochanganywa na masizi. Tumbo walilijaza pamba chafu, iliyokataliwa na mpimaji. Macho yalikuwa vizibo vya soda. Pembe zilikuwa matawi ya mpera yaliyomenywa magome, na yalipokauka yaling'aa kama mfupa.

Aliyechaguliwa kuingia ndani ya mnyama ni Shimba, kijana mwenye miguu mirefu na nguvu za kuvuta trela. Hapo ndipo roho ya Kashindye ilipoanza kuwasha. Shimba alimtembeza namba saba kama dume linalovuta plau, kichwa chini, makalio juu. Kashindye, wenzake wakiwa shambani, alikuwa amekwisha kuingia mara nne ndani ya lile gunia peke yake, akazunguka ua akiinua mguu kama kwenye picha, akisimama, akigeuza shingo taratibu kama mtu aliyeitwa. Kuku walimkimbia. Hakuwahi kufurahi namna ile tangu aolewe. Lakini mambo ya kubeba wanyama yalikuwa ya vijana wa kiume, na mama wa watoto sita aanzie wapi?

"Baba Longino," alimwanza mumewe siku moja.

"Naam."

"Mimi ni... chumvi imekwisha."

Siku nyingine alianza tena, Maige akainua uso, naye akaishia kuulizia sindano ya gunia. Odeta alikuwa akimtazama tu.

"Mwenzangu," alisema, "wewe una neno limekukaa kooni kama mwiba wa sato."

"Sina."

"Haya. Meza basi."

Kitu kimoja tu ndicho Kashindye aliweza kukisema: pembe zisikazwe sana, kwa sababu mnyama huyu huziangusha. Maige aliruka. "Pembe ianguke mbele ya Chenge? Tutahamia wapi sisi?" Akazifunga mwenyewe kwa waya.

Sabasaba ikafika. Wagalu walianza kwa kurusha majembe juu, yakipinduka hewani na kudakwa na watu waliogeuza migongo, na uwanja mzima ulikuwa kwao. Ndipo Maige alipopandisha wimbo, na namba saba akatoka nyuma ya ghala la pamba. Nakwambia, watu walikimbia! Akina mama waliacha sufuria, wauza miwa waliacha miwa. Katibu wa kijiji, aliyesimama juu ya trela la trekta ili aone duara ipi ina watu zaidi, alitikisa kichwa akicheka.

Shimba aliposikia vigelegele akapandwa na kichaa. Akarukaruka, akazunguka, akakita pembe kwenye ngoma kubwa. Waya ukakatika. Pembe ya kushoto ikaanguka chini, pwaa!

Kisha ikasikika sauti ya Chenge kutoka ng'ambo: "Jamani, mnyama wao anaoza! Mpelekeni josho!"

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Wakaanza kurudi kwa Wagalu, kwanza watoto, kisha wakubwa. Sauti ya Maige ikakatika katikati ya wimbo. Ndani ya gunia Shimba alinong'ona, "Nikimbie au nikae?"

Kashindye hakujua miguu yake ilimfikishaje katikati. Aliiokota pembe, akaiinua juu. Kisha akamsogelea namba saba, akaishika ile pembe ya kulia iliyobaki, akaizungusha, akaing'oa.

"Imeiva!" alipaza sauti. "Mnyama huyu pembe zake huiva zikaanguka, kila mwaka, akaota nyingine! Mlidhani ni ng'ombe?"

Waliokuwa wakiondoka wakasimama. Mzee Mhoja, mwenye ng'ombe mia na zaidi, akajongea na fimbo yake.

"Shikamoo, baba," Kashindye alimsalimu.

"Marahaba, mayu, mama yetu. Pembe ya ng'ombe ikitoka, damu hutiririka. Damu ya huyu iko wapi?"

"Haina damu, baba. Ni kama jino la mtoto. Tazama."

Akafungua kanga, akamtandazia karatasi. Mzee Mhoja aliinama mpaka pua ikakaribia majani ya namba saba, akaziona zile pembe mbili zilizolala. Akahesabu matawi ya pembe kwa ncha ya kidole. Kisha akageuka na kusema kwa sauti ya mtu asiyebishiwa mambo ya mifugo: "Kweli. Huyu aliyechora amekaa naye."

Basi nani angekubali kuondoka bila kuona? Msururu ulianza hapo kwa Kashindye, ukapita nyuma ya ngoma, ukaizunguka duara ya Wagika mara mbili. Maige alipata pumzi, akaimba. Kila aliyefika alimpata mnyama wake: mmoja alimcheka namba tano na majani yake, mwingine alidai namba kumi ana ujauzito. Wacheza majembe wa Wagalu nao wakaja, majembe begani. Mwisho akaja Chenge, kanuna.

"Huyu namba nne," alisema, "mbona ni mjomba wangu kabisa?" Akaangua kicheko, akakaa chini hapo hapo, kwenye duara ya wenzake.

Katibu hakuhitaji kuhesabu. Alishuka kwenye trela, akaikabidhi kamba ya fahali kwa Maige.

Jua lilikuwa bado juu. Wagika walikaa kivulini kando ya ghala wakigombania nani atapata ulimi na nani atapata nundu. Maige akawanyamazisha.

"Kwanza mwenye mnyama," alisema. "Mke wangu, sema mbele ya hawa wote. Unataka nini? Nyama ya kuchagua? Kanga? Sema."

Kashindye alimtazama Odeta, aliyekuwa ameuma midomo asicheke. Akamtazama Shimba, aliyekuwa akijipangusa masizi shingoni. Akafungua kinywa.

"Sitaki nyama," alisema. "Sitaki kanga. Mwakani Shimba apige ngoma. Nataka kuingia mimi ndani ya mnyama, nimtembeze anavyotembea."