Benchi la Neyra

Kila siku baada ya swala ya alasiri, Bi Mahira na bintiye Yumna waliketi sebuleni mwao Kibokoni wakatazama mchezo wa televisheni wa chombo cha angani, uliotiwa sauti za Kiswahili. Mutanu, aliyewafanyia kazi za nyumbani tangu atoke kwao Mwingi, aliutazama naye akiwa amesimama mlangoni na sinia ya mahamri, kwa kuwa viti vya sebuleni vilikuwa na wenyewe.

Bi Mahira alipenda vita. Yumna alimpenda rubani. Mutanu alimpenda Neyra, mwanamke wa makamo aliyetunza mimea chomboni na ambaye hakupewa maneno mengi ya kusema. Kila baada ya vita, wenzake wakishakwenda kulala, Neyra aliketi kwenye benchi la chuma kando ya dirisha la mviringo, akamenya tunda, akatazama nyota zikipita. Hapakutokea kitu hapo. Bi Mahira aliutumia muda huo kwenda msalani, na Yumna kujibu jumbe za simu. Mutanu yeye aliona kwamba vita vyote vile vilitungwa ili Neyra apate kukaa pale kidogo. Ukiyatazama mabega yake yakishuka, ungejua amechoka, na ungejua hakuna aliyemuuliza.

Alhamisi moja Neyra aliacha kumenya, akageuka.

"Mutanu," alisema, "umesimama tangu asubuhi. Njoo ukae."

Akasogea kumpa nafasi. Mutanu aliweka sinia mezani, akavua kandambili, akaingia ndani ya televisheni. Kioo kilikuwa baridi kama maji ya mtungi. Mle ndani mlinukia majani yaliyotoka kunyunyiziwa, na nyota zilipita taratibu, nyingine karibu sana hata zikamwangazia magoti. Neyra akampa kipande cha tunda. Kilikuwa na ladha ya zambarau, ila hakikuacha rangi ulimini.

"Kwenu watu hawaketi?" Neyra aliuliza.

"Kwetu twaketi. Hapa ni kwa watu."

Neyra aliitikia kwa kichwa. Hakumpa pole, na Mutanu alishukuru kwa hilo.

Bi Mahira aliporudi alimkuta mfanyakazi wake ndani ya televisheni.

"Joy, chai inapoa," alisema.

"Naja, mama."

"Huyo mwenzake amemwita Mutanu," Yumna alisema, macho kwenye simu. "Mutanu ni nani?"

"Ni mimi," Mutanu alijibu kutoka dirishani.

"Kwani wewe si Joy?"

"Joy ni yule aliyefanya kazi hapa kabla yangu."

Bi Mahira alifikiri kidogo. "Lakini tushazoea," alisema.

Tangu hapo Mutanu aliingia kila alasiri vita vikishaisha, akatoka kabla ya matangazo ya biashara. Bi Mahira hakumkataza, mradi mahamri yawe yameshakaangwa. Jirani aliyekuja kurudisha bakuli aliambiwa, "Joy yuko angani, atashuka sasa hivi," naye akaliacha bakuli jikoni akaenda zake.

Yumna alikuwa kwenye kundi la mashabiki wa mchezo ule mtandaoni, na siku zile hawakuwa na mazungumzo mengine ila ya benchi lile. Mmoja aliandika kwamba hajapata kuona watu wawili wakinyamaza vizuri namna ile. Mwingine alisema yule mgeni wa dirishani akifumba macho tu, yeye hulia, na hajui analilia nini. Wakaulizia jina lake. Yumna akawaandikia: *Ni Joy, mfanyakazi wetu.* Wakampenda Joy kwa moyo wote.

Siku moja Bi Mahira hakwenda msalani. Alitengeneza mtandio wake, akasogeza kiti karibu na kioo, akangoja. Tangu afiwe na mumewe, hakuna aliyemwambia njoo tukae.

"Mwenzako ataka nini?" Neyra alimuuliza Mutanu.

Mutanu alimtazama Bi Mahira. Aliona mabega yake nayo yameshuka.

"Ataka kukaa nasi," alisema.

Neyra akasogea zaidi. Bi Mahira alinyanyuka nusu, kisha akasita.

"Mimi nikae benchi moja na Joy?" alisema. Akacheka, akarudisha kiti mahali pake.

Mchezo ulipofikia mwisho wake, Neyra alizifungua skrubu za benchi moja moja.

"Chukua, ni lako," alimwambia Mutanu. "Sisi tumemalizwa."

Wakalipitisha kwenye kioo, Yumna akishika mguu mmoja. Benchi halikugusa sakafu. Lilielea shibiri moja juu ya zulia. Bi Mahira alilizunguka akilitazama.

"Zuri. Lipeleke barazani, wageni walikalie."

"Ni langu, mama. Nimepewa."

"Ni lako, nani amekataa? Lipeleke barazani."

Wageni wa Ijumaa walilisifu sana. Joto la Kaskazi lilikuwa limewachosha, na chuma kile kilikuwa na ubaridi wake. Waliuliza limetoka wapi, wakaambiwa angani, wakasema mafundi wa huko ni hodari. Mutanu aliwamiminia kahawa, kisha akasimama kando ya mlango na dele mkononi. Kwenye benchi, upande wa dirisha, palibaki nafasi ya mtu mmoja. Mgeni mmoja akaweka mkoba wake hapo.