Baba Juu ya Mizani

Kampuni ilikuwa imemzuia baba kuendesha lori mpaka uzito wake ushuke chini ya kilo mia na ishirini. Tangu siku hiyo alitembea kila alfajiri, na mama akawa mlinzi wa sufuria. Leo tulimsindikiza zahanati kupimwa tena, roho zetu zikiwa mkononi.

Baba aliweka mguu mmoja juu ya mizani, akatulia.

“Sitini na moja!” alishangilia. “Sasa naleta tela.”

Muuguzi alicheka hadi akashika meza. “Mzee, hii si mizani ya malori, ya kupima magurudumu ekseli moja moja. Panda mwili mzima!”

“Mazoea yana tabu, binti yangu.”

Akapanda. Namba zikapanda, zikashuka, zikapanda tena. Mama alinibana mkono hadi ukafa ganzi.

“Mia na kumi na nane,” muuguzi alisema. “Hongera, rudi kwenye usukani!”

Nilipiga kelele za furaha. Baba tayari alikuwa kwenye simu na msimamizi wake: “Bosi, niandalie funguo, nakuja mbio!”

Mama akamnyang'anya simu. “Msubiri kidogo, shemeji,” alisema. “Anakuja kwa miguu.”